Ufunguo Ndani ya Pipa: Ladha, Umri na Ushahidi katika Divai ya Barolo

Methali mbili za Kiswahili zimeishi pamoja kwa muda mrefu bila kupatana. Ya kwanza yasema kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi. Ya pili, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mujibu wa ile ya kwanza, mapenzi ya mtu hayahojiwi: apendaye kibichi na ale kibichi. Kwa mujibu wa ile ya pili, wema wa kitu umo ndani ya kitu chenyewe, na watu hukifuata kwa kuwa ni chema, wala hakiwi chema kwa kuwa wamekifuata. Mhakiki anayethubutu kusema kwamba utenzi mmoja ni bora kuliko mwingine hulazimika kuchagua kati ya methali hizi, au walau kueleza ni vipi zinaweza kuwa kweli zote mbili. Swali hili ni kongwe katika taaluma ya ujumi. La kushangaza ni kwamba wanafalsafa wawili wakubwa wa karne ya 18 walipolikabili, wote wawili walikwenda kutafuta mfano mahali pamoja, yaani katika divai.

David Hume, katika insha yake kuhusu kipimo cha ladha iliyochapishwa mwaka 1757, alikopa kisa kutoka Don Quixote ya Cervantes. Sancho Panza anajisifu kwamba ulimi wa kuonja ni urithi wa ukoo wake. Jamaa zake wawili waliitwa watoe maoni juu ya divai ya pipa fulani. Mmoja alisema imeingiwa na ladha ya chuma, mwingine akasema imeingiwa na ladha ya ngozi. Katika masimulizi ya Hume, wote wawili walichekwa, hadi pipa lilipomalizwa na chini yake kukaonekana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Hume aliona humo ithibati kwamba baadhi ya watu hutambua kilichomo ndani ya kitu ilhali wengine hawakitambui, na kwamba kicheko cha wengi si hoja.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, aliitumia divai kwa kusudi lililo kinyume kabisa. Mtu akisema kwamba divai ya Visiwa vya Kanari inapendeza, asema Kant, mwenziwe aweza kumsahihisha kwamba aseme “inanipendeza mimi”, naye atakubali masahihisho hayo bila kuona kwamba ameonewa. Kipendezacho ni cha kila mtu peke yake. Kilicho kizuri, kwa upande mwingine, hudai kukubaliwa na wote, na asemaye “ni kizuri kwangu” amejichekesha. Divai, basi, iliwekwa na Kant upande wa nyama mbichi, na Hume akaiweka upande wa chema kijiuzacho. Shahidi huyu mmoja ameitwa na pande zote mbili za kesi, na ametoa ushahidi unaopingana.

Yamkini kosa limo katika namna shahidi alivyohojiwa. Kant na Hume walizungumzia divai kana kwamba ni kitu kimoja, kinachoonjwa mara moja, kikiwa peke yake, na mtu aliyesimama mbele ya pipa bila sahani. Divai hainywewi hivyo mahali ambapo imeheshimiwa. Kwa hiyo inafaa kesi hii irudiwe kwa kutumia mfano mmoja mahususi, na mfano mgumu kuliko yote ni divai nyekundu ya Barolo, kutoka vilima vya Langhe katika mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Ugumu wake ni huu: ikiwa changa, watu wengi hawaifurahii, ikiwa kongwe, wapo wasemao kwamba hakuna nyingine ipitayo. Basi ni ladha ipi iliyo ya kweli, na ni nani mwenye haki ya kumwambia mnywaji aliyekunja uso kwamba angoje miaka ishirini?

Barolo hutengenezwa kwa aina moja tu ya zabibu, Nebbiolo, ambayo wengi husema jina lake limetokana na neno la Kiitaliano nebbia, yaani ukungu, kwa sababu huchumwa majira ya vuli wakati ukungu umeanza kutanda mabondeni. Eneo lake ni dogo: vijiji 11, vikiwemo Barolo chenyewe, La Morra, Monforte d'Alba na Serralunga d'Alba. Sheria ya Italia huitaka divai hii ilazwe si chini ya miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mbao. Ile iitwayo Riserva hulazwa miezi 62. Rangi yake haina wingi ambao mgeni huutarajia. Hata ikiwa changa ni nyekundu nyepesi, na kadiri miaka ipitavyo huelekea rangi ya matofali kuukuu yaliyopigwa na jua. Harufu yake imezoeleka kuelezwa kwa maneno mawili ambayo hayakutarajiwa kukaa jirani: lami na waridi. Kisha, baada ya muongo mmoja au miwili, tunda hurudi nyuma na nafasi yake kuchukuliwa na waridi lililokauka, tumbaku, uyoga, majani yaliyooza msituni, na ngozi.

Neno hilo la mwisho linastahili kusimamiwa kidogo. Ngozi ambayo katika kisa cha Sancho ilikuwa ila, katika Barolo ya umri ni sifa. Ulimi ule ule, ukikutana na ladha inayokaribia kuwa ile ile, hulalamika mara moja na kushangilia mara nyingine. Hapo ndipo ufunguo wa Hume unapoanza kuonekana mfupi. Ufunguo ulithibitisha kwamba chuma na ngozi vilikuwamo. Haukuthibitisha kwamba kuwamo kwao kulikuwa kubaya. Jamaa za Sancho walikuwa wachunguzi hodari, na uchunguzi ni sehemu ya lazima ya uhakiki, lakini si hukumu. Mhakiki aweza kuhesabu vina vyote vya shairi bila kukosea hata kimoja na bado asiwe amesema lolote kuhusu uzuri wake. Tofauti kati ya ngozi ya pipa na ngozi ya Barolo haimo katika pua. Imo katika asili: moja iliangukia ndani ya divai kutoka nje, nyingine ilizaliwa na divai yenyewe kwa kukomaa. Anayeisifu ya pili na kuilaumu ya kwanza anahukumu historia ya kitu pamoja na kitu, jambo ambalo wahakiki wa fasihi walilikataa sana katika kipindi fulani cha karne ya 20, walipotaka matini isomwe bila mtunzi wala wakati wake. Divai haijawahi kukubali kusomwa hivyo.

Kiswahili kina maneno mawili kwa kinywaji hiki, mvinyo lililoletwa na Wareno na divai lenye asili ya Kifaransa. Hata hivyo neno lenye faida kubwa zaidi katika mjadala huu limetoka kwenye ndizi mbichi. Neno hilo ni ukakasi. Kila mtoto aliyeng'ata ndizi kabla ya wakati wake anaijua hali ile ya ulimi kukauka na kukwaruza, na mashavu kunata kwenye meno. Ukakasi si ladha kwa maana halisi, bali ni mguso. Husababishwa na kemikali ziitwazo tanini, ambazo katika zabibu zimo kwenye maganda na mbegu. Tanini hushikana na protini za mate, protini hizo zikaganda, na ule utelezi ambao mate huupa mdomo ukatoweka. Nebbiolo ina tanini nyingi kupindukia, na uchachu mwingi pia. Ndiyo maana Barolo changa humshambulia mnywaji. Ikilala ndani ya chupa kwa miaka, tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kuungana na chembe za rangi. Nyingine hushuka chini zikawa mashapo, na ile inayobaki juu hulainika. Kinachoitwa umri, kwa kiasi fulani, ni ukakasi ulioanguka chini ya chupa.

Lakini ipo njia nyingine ya kuuondoa ukakasi, isiyohitaji miaka ishirini, nayo ni sahani. Mafuta na protini za nyama huzipa tanini kitu kingine cha kushika badala ya mate. Katika Langhe chakula kinachofungamanishwa na divai hii kuliko vyote ni nyama ya ng'ombe iitwayo brasato: pande zima la nyama hulowekwa katika divai pamoja na karoti, vitunguu, figili za majani, majani ya mbei, mdalasini na karafuu, kisha hupikwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi hadi mchuzi uwe mzito. Divai ile ile ambayo dakika moja kabla ilikuwa ikikwaruza, ikifuata tonge la nyama hiyo huwa laini na kufunguka. Hakuna kilichobadilika ndani ya bilauri. (Kuhusu desturi ya kumimina Barolo halisi ndani ya sufuria, ambayo vitabu vingi vya upishi huisifu, inatosha kusema kwamba sufuria haina ulimi, na kwamba jikoni divai ya bei nafuu ya Nebbiolo hutenda kazi ile ile.)

Ikiwa Barolo ni kali peke yake na laini pamoja na brasato, je, si ushindi wa wale wanaosema kwamba ladha haina ukweli? Hoja hiyo inachanganya mambo mawili ambayo uhakiki huyachanganya kila siku, nayo ni uhusiano na ubinafsi. Kusema kwamba sifa ya kitu hudhihirika katika uhusiano wake na kitu kingine si kusema kwamba sifa hiyo imo kichwani mwa anayetazama. Katika shairi la kimapokeo, ukwapi wa mshororo huweza kuwa hafifu ukitajwa peke yake, kisha utao ukaja ukaupa uzito wote. Uzito huo haukubuniwa na msomaji. Umo katika mshororo, ijapokuwa haumo katika nusu yake yoyote. Hali kadhalika, kulainika kwa tanini mbele ya mafuta hakungoji idhini ya mtu.

Mfano ulio bayana zaidi ni wa samaki. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba divai nyekundu na samaki havipatani, na wengi waliichukulia kauli hiyo kuwa adabu tu za mezani, desturi ya tabaka lenye muda wa kujali mambo hayo. Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ile shombo isiyopendeza inayobaki mdomoni mtu anapokunywa divai na viumbe vya baharini hutegemea kiasi cha madini ya chuma kilichomo ndani ya divai. Divai yenye chuma kingi iliileta. Chuma kilipozuiwa kwa kemikali, ikapungua. Huu ni ufunguo mwingine, wa ajabu kuliko ule wa Hume, kwa sababu aionjaye divai hiyo peke yake huenda asione ila yoyote. Chuma kimo, ulimi hauna habari nacho, na ila haizaliwi mpaka samaki aletwe. Ila hiyo ni ya divai au ya samaki? Si ya mmoja wao, na bado ni ya kweli kwa yeyote atakayeketi mezani pale.

Katika Barolo kongwe, kanuni ya sahani hugeuka. Divai ikiwa imekwisha kuacha tanini zake chini, haihitaji tena kitu cha kupigana nacho. Inahitaji jirani asiyepiga kelele. Brasato yenye karafuu nyingi huweza kuifunika. Watu wa Langhe wenyewe huiandalia vitu vya namna nyingine: tambi nyembamba za tajarin zilizokandwa kwa viini vingi vya mayai na kupakwa siagi, na juu yake, majira ya vuli, tartufo bianco, ule uyoga mweupe wa chini ya ardhi ambao mbwa hufunzwa kuufukua na ambao haupikwi bali huparuzwa mbichi. Harufu ya tartufo na harufu ya Barolo ya miaka ishirini ni za ukoo mmoja, zote zikiwa za udongo na msitu uliolowa. Hapa mwafaka haujengwi juu ya ukinzani, kama wa nyama na tanini, bali juu ya mfanano, kama vina. Jibini la Castelmagno, lililokomaa na kumeguka-meguka, huingia upande huo pia. Kwa upande mwingine, bagna cauda, kitoweo cha vitunguu saumu, mafuta na samaki wadogo wa chumvi, kinachopendwa sana Piemonte hiyo hiyo, huitiwa divai za Barbera au Dolcetto. Kumimina Barolo kongwe karibu na saumu kiasi kile ni kama kumsomea mtu tenzi katikati ya soko.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya kauli zote hizi limetoka Ufaransa, na lingekuwa jambo la aibu kulikwepa. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Bordeaux, ambamo wanafunzi 54 wa taaluma ya divai walipewa kwanza divai nyeupe na divai nyekundu wazieleze harufu zake. Baadaye wakapewa divai nyeupe ile ile katika bilauri mbili, moja ikiwa imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Ile iliyotiwa rangi waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Utafiti huu umependwa sana na wale wanaotaka kuthibitisha kwamba uhakiki wa divai ni uongo mtupu, na mara kwa mara huelezwa kwa chumvi nyingi kuliko ilivyostahili.

Ulichoonyesha ni kwamba maneno hufuata macho kabla ya kufuata pua. Hilo ni zito, lakini linalaumu msamiati kuliko ulimi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba nyekundu ni ya “zambarau” na nyeupe ni ya “asali” huandika zambarau aonapo wekundu, kama vile mwanafunzi wa fasihi aliyefundishwa kwamba mwandishi fulani ni wa mrengo wa kushoto atakavyoona mapambano ya kitabaka hata katika shairi lake la bembelezi. Uhakiki wa namna hiyo haukosi kwa kuwa hakuna cha kuonja, bali kwa kuwa jibu limeandikwa kabla ya kuonja. Isitoshe, hakuna divai inayoadhibu macho kama Barolo kongwe: wekundu wake uliofifia humwambia mgeni kwamba amemiminiwa kitu chepesi kilichochoka, na mguso wa kwanza mdomoni huikanusha kauli hiyo papo hapo. Mwenye kuamini macho tu atakosea mbele yake, na atajua kwamba amekosea. Uwezekano huo wa kujua kwamba umekosea ndio unaotofautisha hukumu na upendeleo, na ndio ambao Kant hakuipa divai yake ya Kanari.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo divai haifanani kabisa na shairi, na humo ndimo swali la ujumi linapogeuka kuwa swali la maadili. Shairi husomwa na kubaki. Mhakiki akisema uongo juu yake, msomaji hulirudia akamsuta. Divai huisha kwa kuonjwa. Mhakiki akishafungua chupa ya mwaka 1971 na kutangaza kwamba ilikuwa ya ajabu, ushahidi wake umekwisha kupita kooni mwake. Chupa nyingine ya mwaka huo huo si nakala ya ile; kizibo chake ni kingine, na ghala ilimolazwa ni nyingine. Anayesoma tathmini ya divai kongwe, basi, hana njia ya kuithibitisha isipokuwa kumwamini aliyeinywa. Na ikumbukwe kwamba katika kisa cha Sancho ufunguo haukuonekana hadi pipa lilipokuwa tupu. Ithibati na divai havikuwahi kuwapo mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hume alikipita kipengele hicho bila kukitilia maanani, ilhali pengine ndicho kilichobeba kisa chote. Msomaji ambaye haonji divai, kwa imani yake au kwa hiari yake, hayuko mbali sana na mnunuzi tajiri wa chupa ya miaka 40: wote wawili wanaishi kwa neno la mtu mwingine. Kwa sababu hiyo ukweli wa muonjaji si pambo la kazi yake. Ndiyo kazi yenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1912 ungekuwa mfano wa kubuni. Ule wa 2012 ulitokea. Mahali ni Montalcino, katika mkoa wa Toscana, ambako hutengenezwa divai nyingine nyekundu ya kulazwa miaka mingi, Brunello, kwa zabibu za Sangiovese pekee. Mtu aliingia katika ghala la Gianfranco Soldera, akafungua mabomba ya mapipa, na divai ya mavuno ya miaka sita, kuanzia 2007 hadi 2012, ikamwagika sakafuni. Ilikuwa yapata lita 62,600. Hakuna kilichoibwa. Aliyetiwa hatiani baadaye alikuwa mtu aliyewahi kufanya kazi hapo. Wazalishaji wenzake walijitokeza na wazo la kumchangia divai zao. Soldera alilikataa, akilieleza kuwa ni jambo ambalo lingemdanganya mnunuzi, na mzozo kati yake na chama cha wazalishaji ukawa mkali kiasi cha yeye kujitoa chamani. Alifariki mwaka 2019.

Waliomwona Soldera kuwa mwenye kiburi walikuwa na sababu. Majirani walinyoosha mkono, naye akaupiga. Lakini hoja yake ilikuwa na mashiko ambayo adabu ya ujirani haiwezi kuyafuta. Divai yake ilipofikia kununuliwa, ilinunuliwa kwa ahadi: kwamba ilitoka katika shamba fulani, ikakaa katika mbao fulani, chini ya jicho la mtu fulani, na kwamba itakuwa na yale ambayo mnunuzi hawezi kuyahakikisha bila kuimaliza. Divai ya jirani huenda ingekuwa nzuri sawasawa. Huenda hata walimi hodari wasingeitofautisha. Kama uzuri ungekuwa ndani ya bilauri tu, kukataa kwake kungekuwa ukaidi usio na maana. Kukataa huko kuna maana endapo tu kinachoonjwa ni pamoja na asili ya kitu, kama ilivyobainika kuhusu ngozi ya pipa na ngozi ya Barolo. Mswada uliopotea haurudishwi kwa mswada mzuri wa mwandishi mwingine.

Ahadi, hata hivyo, zina gharama, na gharama ya kungoja haikugawiwa sawa. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Lakini mwenye kuiacha kamba ikawa kuukuu ni yule asiyeihitaji leo. Vilima vya Langhe, ambavyo mwaka 2014 viliingizwa pamoja na Roero na Monferrato katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, vilikuwa makao ya ufukara hadi katikati ya karne iliyopita. Riwaya fupi ya Beppe Fenoglio, La malora, iliyotoka mwaka 1954, inasimulia habari za kijana wa vilima hivyo anayetolewa na babake akawe mtumishi katika shamba la watu wengine kwa sababu nyumbani hakutoshi. Nuto Revelli alikusanya masimulizi ya wakulima maskini wa mkoa huo wa Cuneo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1977 na kukiita ulimwengu wa walioshindwa. Kwa watu hao divai iliyolala miaka kumi ilikuwa mtaji usioliwa. Pierre Bourdieu alidai, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1979, kwamba ladha ni alama ambayo tabaka moja hujitofautisha kwayo na jingine. Mbele ya Barolo kongwe dai hilo ni gumu kulipinga, ijapokuwa halimalizi mambo: tabaka laweza kueleza ni nani aliyeweza kungoja, wala halielezi kwa nini kile kilichongojewa kilibadilika jinsi kilivyobadilika. Na kwa wale wasioweza kungoja kulikuwa na divai ya upande mwingine wa biashara. Mwaka 1986 watu wapatao 20 nchini Italia walikufa kwa kunywa divai ya bei rahisi iliyotiwa methanoli ili kuongezwa ukali, na kiini cha kashfa hiyo kilikuwa katika mkoa huo huo wa Cuneo, si mbali na mashamba ya Barolo.

Ni katika mazingira hayo ambapo inafaa kukisoma kisa cha Elio Altare wa La Morra. Kijana huyu alizuru Burgundy mwaka 1976 na kuona wakulima wa zabibu wenye ustawi ambao nyumbani kwao haukuwako. Alirudi akiamini kwamba Barolo haina budi kutengenezwa upya, iweze kunyweka mapema: maganda yakae na maji ya zabibu kwa siku chache badala ya wiki nyingi, na divai ilazwe katika mapipa madogo mapya ya mwaloni ya lita 225 badala ya yale makubwa ya kale yaliyobeba maelfu ya lita na kurithiwa na vizazi. Katika miaka ya 1980 aliyachukulia msumeno wa injini mapipa ya babake akayakata. Baba alimnyima urithi, na akafa bila ya wawili hao kupatana. Upande wa pili wa mzozo alisimama Bartolo Mascarello wa kijiji cha Barolo, aliyefariki mwaka 2005, ambaye kwenye nembo za chupa alizozichora kwa mkono aliandika kwamba hataki mapipa madogo wala Berlusconi.

Ni rahisi kumpa haki Mascarello, na wapenzi wengi wa divai kongwe wamefanya hivyo, hasa walio mbali na ambao hawakulala njaa Langhe. Mapipa madogo mapya huipa divai harufu ya vanila na mbao iliyochomwa, ambayo haikutoka kwenye zabibu. Ni ufunguo mwingine ulioangushwa pipani, safari hii kwa makusudi. Lakini mwana aliyeshika msumeno hakuwa akibishana kuhusu vanila. Alikuwa akikataa kuambiwa angoje na watu ambao kungoja hakukuwagharimu chochote, na divai nyingi zilizotoka katika mapipa makuukuu ya siku hizo, yasiyotunzwa, zilikuwa chafu kweli. Wapo waliozingoja miaka ishirini wakapata siki. Aliyewaahidi hakulipa.

Tangu hapo pande mbili zimesogeleana. Wengi wa waliokuwa wanamageuzi wamerudia mapipa makubwa, na wengi wa waliokuwa wahafidhina wameyasafisha yao. Majira yenye joto zaidi ya miaka ya karibuni nayo huivisha Nebbiolo kwa urahisi ambao wazee hawakuujua, hata Barolo changa ikawa haikwaruzi kama zamani. Swali la nani aliyekuwa na haki, baba au mwana, lingeweza kujibiwa na divai zenyewe tu, zile za miaka ya 1980, ambazo sasa zimefika umri uliokuwa ukigombewa. Zimesalia chache. Hufunguliwa moja moja, Alba na kwingineko, aghalabu mbele ya sahani ya tajarin, na mezani wanaokaa ni watu wanne au watano, ambao kesho yake watawasimulia wengine walichokikuta.